Karatasi ya Kiwanja
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Naomba nafasi katika gazeti letu nieleze jambo ambalo halimo katika mtihani wetu wa mwisho, lakini limo katika nyumba zetu. Nalo ni habari ya mikataba na hati za kununua kiwanja au nyumba ya kukaa. Nalieleza kwa sababu mimi ndimi niliyemsomea baba yangu karatasi ya mauziano, akatia sahihi, na karatasi ile ikatutia taabuni. Nilisoma vizuri, bila kukwama hata neno moja. Maana yake ndiyo niliyokuwa siijui.

Baba ni fundi cherehani mjini Morogoro. Kwa miaka minane alikuwa akiweka akiba, elfu kumi leo, elfu tano kesho, ili tutoke katika vyumba viwili vya kupanga. Mwaka juzi, katika likizo ya mwezi wa Juni, nilipokuwa Kidato cha Pili, alikuja nyumbani na habari kwamba dalali amemwonyesha kiwanja pembeni mwa mji, mita 20 kwa 25, kwa shilingi 4,500,000. Siku ya pili yake tulikwenda, Baba, Mama na mimi. Muuzaji alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, tena aliwaamkia wazazi wangu kabla hawajashuka katika bajaji. Tuliandikiana mbele ya kiongozi wa mtaa. Karatasi yenyewe ilikuwa ukurasa wa daftari, imeandikwa kwa kalamu. Baba akaniambia, "Wewe ndiye msomi, mwanangu. Tusomee." Nikasimama nikasoma kwa sauti:

"Mimi fulani nimemuuzia fulani kiwanja changu kilichopo karibu na mwembe mkubwa kwa shilingi milioni nne na nusu. Nimepokea milioni tatu na nusu. Salio atalipa baada ya muda mfupi. Tumekubaliana bila kulazimishana. Kuanzia leo sina madai."

Chini yake zikafuata sahihi, majina ya mashahidi wawili, na muhuri. Watu wakapeana mikono, nasi tukanywa soda.

Miezi tisa ilipita. Baba alikuwa amekwisha kununua mawe ya msingi na malori mawili ya mchanga. Siku moja akaja mama mmoja pale kiwanjani, akamwamkia Baba kwa heshima, akasema, "Kaka, hapa ni kwa marehemu baba yetu. Sisi tumezaliwa watano. Aliyekuuzia ni mdogo wetu, kitinda mimba." Akatoa katika mkoba wake karatasi ya mahakama iliyomtaja yeye kuwa msimamizi wa mirathi. Baba naye akatoa ukurasa wetu wa daftari. Yule mama aliusoma polepole, akaurudisha, akasema, "Pole sana, kaka." Hakusema zaidi.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Uraia. Hakunipa jibu, bali alinipa sheria nizisome, akanitaka nirudi na karatasi ile niipitie neno kwa neno. Basi yafuatayo ndiyo niliyoyapata, nami nitayafuata kama maneno yalivyopangwa katika karatasi yetu.

Neno lililotuponza kuliko yote ni dogo sana, neno "changu".

Nchini Tanzania hakuna mtu auzaye udongo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, yasema kwamba ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ule umilikaji usio na mwisho, ulioanza zamani za Wajerumani na kuendelea zamani za Waingereza, ulikomeshwa mwaka 1963. Kwa hiyo kinachouzwa ni haki ya kuitumia ardhi, pamoja na nyumba na vitu vilivyomo. Haki hiyo, ikiwa imeandikwa katika hati iliyotolewa na Serikali kwa kiwanja kilichopimwa, ina muda wake: miaka 33, au 66, au 99 ambayo ndiyo mwisho. Hapo wengi hukosea hesabu. Mtu akinunua nyumba mwaka 2024 yenye hati ya miaka 33 iliyoanza mwaka 2001, asidhani amenunua miaka 33. Amenunua miaka kumi iliyobaki, na ikiisha hana budi kuomba muda mpya. Hesabu hii ni ya darasa la tatu, lakini nimewauliza watu wazima watatu, na wawili walisema 33.

Ziko karatasi nyingine pia. Katika mitaa isiyopimwa ya mijini baadhi ya watu wana leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi. Vijijini kuna hati ya hakimiliki ya kimila, itolewayo kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, nayo pia ni ya mwaka 1999. Na wengine, kama sisi, hawana ila karatasi ya kuandikiana. Kila moja ina nguvu zake, basi swali la kwanza la mnunuzi si "bei gani?" bali "una haki gani, na karatasi ipi yaonyesha?" Maana mtu hawezi kumpa mwenziwe asichokuwa nacho. Hata mkataba ungeandikwa kwa wino wa dhahabu, mbele ya mashahidi ishirini, unahamisha kile tu ambacho muuzaji anacho mkononi siku ile.

Je, yule kijana alikuwa na nini? Alikuwa mrithi mmoja kati ya watano. Hilo si uwongo, na mimi nafikiri hakujiona kuwa mwizi. Lakini mtu anapofariki, watoto wake hawapati ruhusa ya kuuza kila mmoja kivyake kwa kuwa tu wamezaliwa naye. Hapana budi mahakama imteue msimamizi wa mirathi, naye ndiye akusanyaye mali, alipaye madeni ya marehemu, kisha agawaye. Kabla ya mgawanyo, sehemu ya mrithi haina mipaka wala vigingi. Basi mkiambiwa "nyumba hii ni ya marehemu baba yangu", ombeni kuona karatasi ya mahakama, tena mlitazame jina lililomo, kama ni la huyu anayewauzia au la dada yake.

Neno hilo "changu" lina mtego mwingine, nao ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mume au mke kuuza nyumba ya ndoa, kuiweka rehani, kuigawa au kuipangisha bila ridhaa ya mwenziwe. Sheria ya Ardhi nayo imemtwika mnunuzi wajibu wa kuuliza kama mwenzi wa muuzaji ameridhia. Kwa hiyo haitoshi kusema "sikujua kama ana mke". Ridhaa hiyo huandikwa, na mwenzi hutia sahihi yake.

Wenzetu watokao vijijini wawakumbushe wazazi wao jambo moja: ardhi ya kijiji haihami kwa sahihi ya muuzaji na mnunuzi peke yao. Lazima halmashauri ya kijiji iidhinishe. Mauziano mengi yaliyofanywa bila idhini hiyo yamekwisha kubatilishwa mahakamani.

Sasa mtu atajuaje kama muuzaji asema kweli? Ikiwa kiwanja kimepimwa na kina hati, mambo ni mepesi. Mtu huenda ofisi ya Msajili wa Hati na namba ya hati, akalipa ada, akaomba upekuzi. Daftari la Msajili litaonyesha jina la mwenye haki, tena litaonyesha kama iko rehani ya benki, au zuio lililowekwa na mtu mwingine mwenye madai. Usitosheke na hati uliyoonyeshwa mkononi, hata kama ina picha na mihuri, kwa kuwa karatasi yaweza kughushiwa lakini mwenye kughushi hawezi kwa urahisi kuingia katika daftari la Msajili.

Kiwanja kisichopimwa hakina ukurasa katika daftari lile. Daftari lake ni majirani. Sisi hatukumwuliza jirani hata mmoja. Baadaye mzee mmoja aishiye nyuma ya kiwanja aliniambia, "Mjukuu wangu, mngeniuliza ningewaambia. Marehemu nimemzika mimi." Nilimwuliza kwa nini hakuja kutuonya siku ile alipotuona tukipima kwa hatua. Akasema alidhani ndugu wote wamekubaliana, tena haikuwa adabu kuingilia biashara ya watu. Siwezi kumlaumu.

Tuje kwa "mwembe mkubwa". Mwembe huo umekwisha kukatwa. Niliona kwa macho yangu magogo yake yakifukiwa tanuri la mkaa. Karatasi yetu sasa yaeleza mahali pasipokuwapo. Kiwanja kilichopimwa huandikwa kwa namba yake, kitalu, eneo na mji, na mnunuzi huenda mwenyewe kuyaona mawe ya mipaka, yote, si moja la barabarani. Kisichopimwa hupimwa kwa futikamba mbele ya majirani, urefu wa kila upande ukaandikwa, na kila jirani akatajwa kwa jina na upande wake, akatia sahihi. Siku hizi hata simu ya mkononi yaweza kutoa namba za mahali ulipo, nazo zafaa kuandikwa. Lakini msiandike "kaskazini kwa Mama Ntilie", maana Mama Ntilie atahama.

"Salio atalipa baada ya muda mfupi." Muda mfupi ni siku ngapi? Kwa Baba ulikuwa mpaka msimu wa sare za shule, ambapo kazi za cherehani huwa nyingi. Kwa kijana ulikuwa wiki mbili. Walikwisha kugombana kabla dada hajatokea, na mimi nilidhani ugomvi ule ndio mwisho wa matatizo yetu! Mkataba hutaja tarehe, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na njia ya kulipa. Yafaa fedha zipite benki, ili alama ya malipo ibaki mahali pasipoungua wala kuliwa na mchwa. Kama mnunuzi ametoa arbuni, mkataba useme arbuni hiyo itakuwaje ikiwa yeye mwenyewe ameghairi, na itakuwaje ikiwa aliyeghairi ni muuzaji. Tena useme nani atamlipa dalali, kwa kuwa madalali wana desturi ya kudai pande zote mbili.

Sasa nataka kuwaonyesha jambo nililoligundua siku moja katika kipindi cha Kiswahili, tulipokuwa tukichambua vitenzi. Nilichukua nakala ya karatasi yetu nikavipigia mstari vitenzi vyote. Nikapata hivi: nimemuuzia, nimepokea, tumekubaliana, sina. Vyote vyaeleza jambo lililokwisha au hali ya siku ile. Kitenzi cha wakati ujao kilikuwa kimoja tu, "atalipa", na anayelipa ni Baba! Yaani katika karatasi nzima aliyefungwa kufanya jambo lolote kesho ni baba yangu peke yake. Muuzaji hakuahidi kitu. Hakuahidi kukabidhi kiwanja kikiwa hakina mtu wala deni. Hakuahidi kurudisha fedha mwenye haki mwingine akitokea. Hakuahidi kuja kutia sahihi fomu za kuhamisha haki. Tulichokuwa nacho, basi, kilikuwa stakabadhi iliyovaa nguo za mkataba.

Tangu siku ile, kila mkataba niushikao nautazama kwanza vitenzi. Natafuta atakabidhi, atalipa, atarudisha, atahakikisha, kisha nauliza ni nani atendaye na kwa tarehe gani. Kifungu kimoja kilichokosekana kwetu kingeweza kuwa hivi: "Muuzaji anathibitisha kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kuuza, na kwamba hakuna mrithi, mwenzi wala mdai mwingine, na ikithibitika kuwa sivyo, atamrudishia mnunuzi fedha zote alizopokea pamoja na gharama alizotumia katika kiwanja, ndani ya siku 60." Si maneno magumu. Hata Kidato cha Kwanza wangeyaelewa.

Mintarafu ya maneno magumu, wengi hudhani mkataba wa sheria lazima uwe kwa Kiingereza. Sivyo. Tangu mwaka 2021 sheria imeweka Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu na ya mahakama. Basi hapana aibu mtu kumwambia wakili, "Niandikie kwa Kiswahili, nataka kuelewa kabla sijatia sahihi."

Sikusudii kusema kwamba ukurasa wetu wa daftari haukuwa na thamani yoyote. Sheria ya Ardhi yataka mkataba wa kuuza haki ya ardhi uwe wa maandishi na umetiwa sahihi na yule anayedaiwa kuutimiza, na wetu ulikuwa hivyo. Kama tungepeana fedha kwa mdomo tu, Baba asingekuwa hata na pa kuanzia. Wala muhuri haukuwa bure. Ulithibitisha kwamba watu wale walisimama pale siku ile na kuandikiana. Haukuthibitisha kwamba kilichouzwa ni mali ya aliyeuza. Sisi tuliona duara la wino wa buluu, tukadhani Serikali imesema ndiyo.

Baada ya kutia sahihi bado kuna safari, nayo nitaipita upesi kwa kuwa kila ofisi itakueleza taratibu zake. Haki iliyosajiliwa haihami mpaka uhamisho wenyewe umesajiliwa. Kamishna wa Ardhi hupewa taarifa ya mauziano, mali huthaminiwa, na kodi hulipwa. Uko ushuru wa stempu, ambao ni karibu asilimia moja ya bei, na mkataba usiolipiwa ushuru huo huleta shida ukipelekwa mahakamani kuwa ushahidi. Iko pia kodi ya faida aliyoipata muuzaji, na madeni ya kodi ya pango la ardhi aliyoyaacha nyuma. Mkataba useme nani atalipa lipi.

Sasa nimalizie habari zetu, maana najua mnaingoja.

Yule kijana alikuwa amenunua pikipiki ya bodaboda, nayo ilikwisha kugongwa. Fedha hazikuwapo. Baba angeweza kushitaki, lakini kushinda kesi dhidi ya mtu asiye na kitu ni kushinda karatasi nyingine. Walikwenda kwenye baraza la kata kusuluhishwa, mara nne. Yule dada, ambaye mpaka leo namheshimu, aliwashawishi ndugu zake wakubali kiwanja kiuzwe kwetu kihalali, na fedha alizokwisha kula kitinda mimba zihesabiwe katika sehemu yake ya urithi. Sisi tulitakiwa kulipa ile milioni moja ya salio, na juu yake shilingi 1,200,000. Mama aliuza friza yake aliyokuwa akigandishia barafu za kuuza. Dada yangu mdogo alichelewa kuanza Kidato cha Kwanza kwa wiki tano, kwa kuwa vifaa vyake vya bweni vilikuwa havijanunuliwa. Hiyo ndiyo bei ya neno "changu".

Safari hii Baba alikwenda kwa wakili, ijapokuwa hapo kwanza aliogopa gharama. Mkataba ulikuwa kurasa nne, kwa Kiswahili, umepigwa chapa. Muuzaji aliandikwa kuwa msimamizi wa mirathi, na warithi wote watano walitia sahihi ya kuridhia, hata kitinda mimba, ambaye hakuinua macho. Yule mzee aishiye nyuma alikuja akatia dole gumba upande wa mashariki. Wakili alipouliza jina la mnunuzi, Mama akasema, kwa sauti ndogo, "Na mimi niandikwe. Barafu zangu zimo katika msingi ule." Baba akacheka, akasema, "Andika wawili." Wakaandikwa wawili.

Mimi sikutia sahihi popote, maana nina miaka 17, na mtu hawezi kufunga mkataba wake mwenyewe mpaka afikishe miaka 18. Lakini hakuna sheria imkatazayo mtoto kusoma. Wakili alipomaliza kueleza, Baba alizichukua zile kurasa akanipa. "Tusomee," akasema.

Nilisoma kwa muda wa saa nzima. Kila nilipofika kwenye kitenzi nilisimama nikauliza nani, lini, na asipofanya itakuwaje, na ndugu wale watano wakangoja, na wakili akatazama saa yake mara mbili. Kwenye kifungu cha tisa, kile cha kurudisha fedha, Baba aliinua mkono akasema, "Hapo rudia." Nikarudia. Kisha akaomba kalamu.

Ninapoandika haya kiwanja kiko katika mpango wa kupimwa pamoja na vya majirani, na bado hakijapata namba. Msingi umefika usawa wa magoti. Ule ukurasa wa daftari Baba hakuutupa, ameukunja ndani ya ule mkataba wa kurasa nne, na vyote viwili vimo katika sanduku la bati chini ya cherehani.